Kiberiti cha Njiti Thelathini na Moja

Ndugu zangu, mmenipa nafasi nishuhudie, nami sikuja mikono mitupu. Hiki hapa ni kiberiti. Ubavuni kimeandikwa: wastani wa njiti arobaini na tano. Maneno hayo machache ndiyo yaliyoniangusha, na ndiyo yaliyoniinua. Majina sitataja. Anayehusika atajijua.

Nilikuwa kijana wa hapa Kaloleni, kazi yangu kiwandani kuhesabu njiti. Kila saa nilifungua viberiti kumi, nikajumlisha njiti, nikagawa kwa kumi, nikaandika jibu ubaoni. Msimamizi wangu aliniagiza, "Wewe toa vya juu ya katoni. Usinivurugie mzigo." Nikatoa vya juu, nikatia sahihi. Hilo ni kosa langu na ninalikiri. Sikujua kwamba vile vya juu alivichagua yeye kwa mkono wake.

Wenye maduka wakaanza kurudisha viberiti vilivyopungua. Meneja akashuka kutuuliza. Msimamizi akachukua chaki, akaandika herufi x, akaiwekea mstari juu. "Hebu tueleze hii ni nini."

Alama hiyo niliiandika kila saa kwa miaka miwili. Nikasema, "Ni eksi imevaa kofia."

Kiwanda kizima kilicheka. Msimamizi akamgeukia meneja: "Huyu ndiye mhesabu wetu, bwana. Ndiye aliyetuharibia."

Nikafukuzwa siku hiyo hiyo, na jina langu likafa. Vijana wakiniona mferejini nikichota maji, "Sasa, Kofia. Leo umeiacha wapi?" Kila kiwanda nilichobisha, habari ilikuwa imefika kabla yangu: mwongo wa hesabu. Nikahamia Mathare, na kila asubuhi nikawa natembea hadi kwenye mageti ya viwanda, kungoja magunia ya kubeba.

Jirani yangu huko alikuwa mwalimu, mama wa kutoka magharibi. Alinisikia nikilalamika, akamwaga njiti mkekani, akaandika kanuni ya wastani kwenye karatasi. "Kaa hapa, kaka. Eksi ni idadi ya njiti katika kiberiti kimoja. Hii sigma kubwa ni amri: jumlisha zote. Hii n ni viberiti ulivyofungua. Ukigawa jumla kwa n, unapata eksi yako yenye kofia, wastani wa sampuli. Wastani wa mzigo mzima una alama yake nyingine. Sasa niambie, hiyo sampuli uliitoa wapi?"

"Juu ya katoni, mwalimu."

"Basi ulionja mchuzi kwa kulamba mfuniko."

Ndugu zangu, nawaambia, nililia. Kisha hasira ikanikausha machozi. Nilisoma kwa hasira. Mwalimu akanisaidia kuandika barua hadi nikapata chuo ng'ambo, nikaosha sahani za watu kwenye baridi, nikarudi na diploma ya takwimu. Iko kwenye bahasha hii. Anayetaka kuiona aje baada ya ibada. Leo ninaishi Buruburu, nami ni mkaguzi wa bidhaa za viwanda. Nilipopewa orodha ya viwanda nichague pa kuanzia, sikuisoma mara mbili.

Yule msimamizi hakunitambua. "Karibu, mheshimiwa," akanisogezea viberiti vya juu ya katoni.

"Toa vya chini."

"Ni vile vile, mheshimiwa."

"Basi havitakusumbua. Hesabu mwenyewe, kwa sauti."

Wafanyakazi wakakusanyika. Cha kwanza, njiti thelathini na moja. Cha pili, hamsini na nane. Thelathini na sita. Hamsini na tano. Alipofika cha kumi jasho lilikuwa likimtoka. Tukajumlisha, tukagawa: arobaini na tano. Akatabasamu. "Si unaona? Wastani uko sawa."

Nikamwambia, mama wa Mathare hanunui wastani. Ananunua kiberiti kimoja. Nikachukua chaki, nikaandika sigma ndogo, alama ya jinsi vipimo vinavyotawanyika mbali na wastani. "Hebu tueleze hii ni nini."

Akaitazama sana. "Ni kama yai... lenye mkia."

Walicheka, ndugu zangu. Nami nilicheka kuliko wote. Ripoti yangu ilisema mashine ya kujaza njiti ni mbovu, na sampuli ilikuwa ikipangwa na msimamizi tangu miaka ya yule mhesabu aliyefukuzwa. Meneja aliisoma mbele ya wote. Siku hiyo jina langu lilifufuka, naye msimamizi akafukuzwa, akatoka kwa lile geti nililotokea mimi.

Namshukuru mwalimu, amekaa pale mbele. Juzi alinionya, "Kaka, usimhukumu mtu kwa sampuli ya siku moja." Nikamjibu, mwalimu, kwake yeye n yangu ni kila asubuhi niliyosimama getini.

Funzo langu ni hili: mtu akikuletea wastani, ingiza mkono chini ya katoni.

Wazee wameniomba nimalizie kwa msamaha. Sijafika huko. Nasikia watoto wa mtaa wake wanamwita Yai. Nilipita kwake wiki iliyopita, nikawasikia kwa masikio yangu. Sikuwakataza.