Shangazi na Daraja la Maboksi

"Nani anapita wa kwanza?" Swali hilo marehemu shangazi yetu aliliuliza mwaka 2009 katika ukumbi wa chuo, kwenye mhadhara wake wa kwanza kwa vijana, akiwa kando ya daraja alilolijenga kwa maboksi na gundi, na vijana wote wakarudi nyuma.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, akasoma sekondari ya wasichana, ambako alipoomba uhandisi aliambiwa achague kitu kinachomfaa, naye akachagua uhandisi. Alihitimu mwaka 1982, akajenga madaraja serikalini hadi alipostaafu 2018, na mwaka 1985 alifunga ndoa na mwalimu wa muziki, ambaye hadi leo hajui kupigilia msumari, wakajaliwa mabinti wawili.

Turudi ukumbini. Alipoona hakuna anayesogea, alivua viatu, akapita mwenyewe, na kwa kuwa gundi ilikuwa bado mbichi, daraja likakatika, mhandisi mzima akakaa sakafuni na sketi yake ya kazini. Watu walicheka hadi machozi. Akauliza kutoka kule chini, "Haya, mabingwa wa kucheka, limeanza kukatikia wapi?" Mikono ikanyooka. Jumamosi iliyofuata watoto walijaa hadi madirishani, wengi, tuseme ukweli, walikuja kumwona mhandisi akianguka, wakaondoka wakibishana juu ya uzito na nguzo. Tangu hapo kila mhadhara ulianza na daraja bovu la makusudi, watoto wakalijenga upya, naye akalipita akiimba kwa sauti ambayo mumewe mwenyewe aliiombea msamaha. Nami nilikuwa mmoja wao, na mwakani nahitimu uhandisi.

Mwaka jana chuo kiliwafungia vijana ukumbi, ati watachafua zulia jipya. Zulia! Shangazi akahamia kwenye gereji yake, watoto wakabanana, wengine wakarudi nyumbani.

Alianza kuugua moyo mwezi Januari mwaka huu, akafariki tarehe 9 Juni hospitalini, baada ya kumuuliza daktari kitanda kile kinabeba kilo ngapi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupatia maboksi yao yote, na wahandisi wenzake, waliolikagua jeneza kabla ya kulibeba.

Pumzika kwa amani, Shangazi, umevuka salama.

Nawe mkuu wa chuo, uliye hapa mstari wa mbele, asubuhi umeahidi kuupa ukumbi jina lake. Ahsante, lakini jina linaweza kusubiri. Jumamosi watoto wanakuja. Tunaomba ufunguo.