Komeo Anaondoka, na Kiganja Chake Kifutwe

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kutulindia magari, msimamizi wetu wa ulinzi anastaafu rasmi Ijumaa hii. Hapa yadi hakuna anayemwita kwa jina lake. Sote tunamwita Komeo. Sherehe itakuwa mchana, chini ya paa la karakana, na chakula ni juu yangu. Mimi ni bibi wa kantini. Komeo nimemlisha tangu ana nywele, kwa hiyo walipotafuta wa kuandika wasifu wake niliwaambia karatasi ileteni huku. Nitakayoyasema atayasikia akiwa ameketi, kama ataketi.

Maana kuketi hajui. Chai yake huinywa akizunguka yadi, na vikombe vyangu navikuta juu ya matairi, juu ya pampu, kimoja nilikikuta ndani ya kofia yake mwenyewe. Akipita mlango wowote lazima atikise kitasa. Kwenye mazishi ya mkurugenzi wetu wa kwanza alitikisa kitasa cha gari la maiti, mbele ya wafiwa. Mkewe alimkanyaga mguu. Akasema, "Limefungwa vizuri," kana kwamba kuna aliyemuuliza.

Alianza kama mlinzi wa getini, enzi magari yana madereva na funguo zinaning'inia ubaoni. Yalipokuja haya yanayojiendesha, ubao uling'olewa, na wengi waliona mlinzi naye kazi imemwisha. Gari halina ufunguo, mwizi ataiba nini? Kwenye kikao kile Komeo alinyoosha mkono akauliza, "Dereva akiambiwa twende na mtu asiyemwamini, anakataa. Sasa hili nani atalikatalia?" Wakampa yeye hiyo kazi. Tangu hapo kazi yake imekuwa kukataa. Amekataa watu kwa adabu, amekataa kwa ukali, na mimi amenikatalia nisipeleke sufuria kwa gari la abiria, ingawa siku ile mguu ulikuwa umenivimba kama mtungi. Alizibeba mwenyewe kichwani, akinung'unika njia nzima.

Siku za mwanzo tulikuwa tunajifunza kwa kuumia. Waosha magari walipewa aproni za njano zenye kidude kilichoshonwa mfukoni. Gari tupu likikihisi kile kidude, linamfuata mwoshaji mpaka kwenye maji, taratibu, kama mbuzi aliyeona majani. Basi mwosha magari wetu mmoja, tunayemwita Povu, aliona aproni yake imechakaa kwa uchafu, akaipeleka nyumbani ifuliwe. Mama mkwe wake akaianika. Gari letu lililokuwa limeshusha abiria mtaa ule likaihisi, likaingia uchochoroni, likasimama katikati ya mashuka. Mama wa watu alilifukuza kwa ufagio. Halikubanduka, kwa sababu aproni haikubanduka.

Komeo alipofika, majirani walikuwa wamejaa, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Yeye hakucheka. Alianua aproni ikiwa bado mbichi, akaiweka begani, akarudi nayo yadi kwa miguu, gari likimfuata nyuma, watoto wakiwafuata wote wawili. Povu alikuwa anamngoja getini, ameshaandaa maneno ya kujitetea.

"Bosi, mimi nilitaka usafi tu."

"Leo limefuata aproni yako, Povu. Kesho litafuata ya mwizi. Abiria akiwa ndani je?"

Tangu siku ile aproni hazivuki geti, na zinafuliwa nyuma ya jiko langu, ndiyo maana supu yangu wakati mwingine inanuka sabuni. Acheni kunilaumu mimi.

Lakini lililomfanya Komeo awe Komeo halikuwa la kuchekesha, nami sitalipaka sukari. Tulikuwa na mpanga safari mmoja hapa, kijana mcheshi, kipenzi cha kila mtu. Alipoacha kazi aliaga vizuri, tukampigia makofi. Kiganja chake, maana kiganja ndicho kinachotufungulia magari na kuyaita hata kwa mbali, kikaachwa kwenye mtambo. Kumfuta kungeonekana kama kumfukuza, na Komeo mwenyewe ndiye aliyesema tumwache kwanza, si mtu mbaya. Kumbe nyumbani kijana huyo mkewe alikuwa amemkimbia. Yule mke, fundi cherehani, akapanda gari letu asubuhi moja na binti yake mdogo na gunia la sare za kupeleka kwa wateja. Njiani gari likageuka. Milango ikajifunga. Mume alikuwa ameketi mahali fulani, analiita kwa kiganja kile tulichokiacha.

Komeo aliona kwenye kioo cha kompyuta ofisini gari linakwenda ambako hakuna aliyelituma. Alilizima katikati ya barabara, akalifuata. Milango ilikataa kumfungukia, maana ilikuwa inamsikiliza yule mwingine. Akavunja kioo kwa spana. Aliwaleta kwangu kantini kwa sababu hakujua pengine pa kuwapeleka. Mtoto alikunywa uji wake wote. Mama yake kikombe kilimshinda kushika, nikamshikia. Komeo alisimama mlangoni, mikono inamvuja damu, hataki kufungwa kitambaa.

"Mimi ndiye niliyesema tumwache, dada yangu," alimwambia yule mama.

Yule mama alimtazama tu. Hakumlaani wala hakumsamehe. Nadhani ndiyo sababu Komeo hajaketi mpaka leo.

Baada ya hapo alibadilisha mengi. Ndani ya kila gari kuna mpini mwekundu ambao abiria akiuvuta, gari linasimama na milango inafunguka, ofisini watake wasitake. Safari ikishaanza, hakuna wa kuigeuza mpaka abiria mwenyewe akubali. Hayo mnayajua, yameandikwa kila mahali. Ila kubwa kuliko yote ni ule utaratibu ambao sisi tunauita kukataliwa. Anayeacha kazi hafiki getini kabla ya kuweka kiganja kwenye kibao cha mtambo, kikafutwa mbele ya macho yake. Kisha anapelekwa kwenye gari, anashika kitasa, gari linamkataa, ndipo anapewa mkono na kwaheri. Hakuna aliyesamehewa. Wakurugenzi walikataliwa. Hata mama watoto wa Komeo, aliyekuwa mpokea simu wetu, siku ya kuacha kazi alikataliwa na gari, mumewe akiwa amesimama pale pale. Alimnunia Komeo wiki nzima. Alikuja kulia kwangu jikoni, "Wifi, yaani mimi wa kufutwa?" Nikamwambia alie, akimaliza anisaidie kumenya vitunguu.

Sasa, mkurugenzi wetu wa leo ana moyo mzuri. Akatangaza kwamba zawadi ya Komeo ni hii: kiganja chake hakitafutwa. Atafungua gari lolote, siku yoyote, mpaka siku zake ziishe. Tukashangilia. Mimi pia nilishangilia, kisha nikamwona Komeo. Alitoka nje akaanza kutikisa vitasa.

Tangu tangazo lile hapa yadi hakuna aliyetulia. Povu ameosha gari moja mara mbili bila kujua. Mrithi wa Komeo, mama wa watoto wawili ambaye Komeo alimfundisha kazi mwenyewe na sisi tukampachika jina la Sindano, alikuja jikoni akasimama bila kuagiza kitu.

"Bibi, nimfute nisimfute?"

"Yeye anasemaje?"

"Ananiambia, mwanangu, niache mpaka Jumatatu, nikague mara moja tu ya mwisho. Jumatatu atakuwa si mfanyakazi, Bibi. Ndiye aliyenifundisha kwamba neno mpaka Jumatatu ndilo linalomwacha mtu mtamboni."

"Sasa unaniuliza mimi ninayepika maharage?"

"Namwogopa."

"Humwogopi. Unampenda. Mfute."

Ni kweli nilimwambia hivyo, na huyo Komeo ni kama mdogo wangu wa tumbo moja. Nilijua anachokitaka. Alitaka aendelee kuwa mtu anayehitajika. Nani asiyetaka? Lakini yule fundi cherehani alipanda gari akiamini walioondoka wameondoka. Kama tutaanza kubagua, huyu tunampenda, huyu mwema, huyu ametumikia sana, basi tumerudi kule kule kwa kijana mcheshi.

Karatasi hii ilitakiwa kwenda kuchapwa jana. Niliizuia, nikamwambia mchapishaji anivumilie, kwa sababu sikujua wasifu huu ni wa mtu gani mpaka nione atafanya nini.

Leo asubuhi, Alhamisi, Komeo alikwenda mwenyewe kwenye kibao. Hakungoja sherehe. Alimwambia mkurugenzi, "Asante kwa zawadi, mzee. Nipe saa ya ukutani kama wenzangu." Akaweka kiganja. Sindano akakifuta, uso umemkauka kama karatasi. Wakaenda kwenye gari la kwanza, Komeo akashika kitasa, likamkataa. Sindano akanyoosha mkono wa kumuaga. Komeo hakuupokea. Akaenda gari la pili, likamkataa. La tatu. Akaupita mstari mzima hivyo, kila gari linamkataa, na sisi tumesimama hatujui tumtazame au tutazame chini. Alipofika mwisho wa mstari akakunja kona kwenda nyuma ya karakana, kwenye magari mabovu yanayongoja vipuri. Hakuna aliyemfuata. Watu walidhani amekwenda kulia.

Dirisha la jiko langu linatazama huko. Nilimwona anashika kitasa cha gari bovu lililokuwa limezimwa siku nyingi na ndiyo kwanza limewashwa. Likamfungukia.

Lilikuwa bado linamjua. Habari za kufutwa hazijalifikia. Komeo alisimama, mlango wazi, mkono juu ya paa. Aliangalia upande huu, akaangalia upande ule. Hapakuwa na mtu ila mimi, na mimi hakuniona. Angeufunga ule mlango akaenda zake, angebaki na gari moja duniani linalomtambua, na nani angejua? Nilikuwa na mwiko mkononi, maharage yanaungua, sikuweza kugeuka. Akaingiza kichwa ndani, akavuta pumzi ya viti vile, akatoka.

"Sindano!" aliita. "Njoo huku. Hili hapa bado linanijua. Nifute na humu, halafu uangalie na mengine yaliyokuwa yamezimwa."

Sindano alikuja mbio na kompyuta yake. Komeo akamngoja amalize, akaufunga mlango, akashika kitasa tena. Kikagoma. Ndipo akampa mkono.

Kisha akaja kantini, akavuta kiti, akaketi.

Kwa niaba ya wote wa yadi, waosha magari, mafundi, wapanga safari, na abiria wasiokujua ambao wamefika salama makwao: asante, Komeo. Uzee wako uwe na usingizi mzito na mke asiyenuna. Kantini ni kwako siku yoyote, chai haina malipo, ila utapitia getini, utajiandikisha kama mgeni, na utangoja uruhusiwe.