Vita Yangu na Beringi ya Nyuma

Wapendwa, Bwana asifiwe! Naona wengine mmeitikia huku mkiangalia pembeni, kwa sababu mnajua nitakachosema. Asifiwe tena!

Mimi ni Mama Neema, wa kikundi cha maombi cha Ijumaa. Mume wangu yule pale nyuma, kainamisha kichwa. Tuna gari, lile kuukuu linalobeba abiria na mchele kati ya Ifakara na Mlimba. Mnalijua, maana mmelisukuma sana.

Ndugu zangu, beringi ya tairi la nyuma la kulia, ile pete ya chuma inayolizungusha, ilinitesa! Inaanza kuvuma kwa mbali kama mashine ya kukoboa. Kesho yake inavuma mpaka abiria wanaacha kuongea. Halafu tairi linaanza kucheza, na hao tuko pembeni mwa barabara, jua la utosini, mpunga kushoto, mpunga kulia. Tunafunga mpya, inakufa. Tunafunga ile ya bei mbaya, nayo inakufa. Fundi akasema ni barabara. Fundi mwingine akasema ni yule fundi wa kwanza. Nilichoka! Nilifika mahali hata feni ikivuma nataka kulia.

Ndipo yakaja maono. Gari lilikuwa limeharibika tukitoka Kiberege kwa mama yangu mzazi, kisha likaharibika tena tukitoka huko huko. Dada mmoja kwenye maombi akasema ameona mkono wa mwanamke mzee kwenye tairi. Hakutaja jina. Wala hakuhitaji! Nilipiga kelele kwamba mama yangu ni mkulima wa mpunga, beringi haijui hata kwa kuiona. Lakini mume wangu alikuwa ameshaogopa, na gari halikukanyaga tena Kiberege. Neema akazaliwa, akaota meno, akatembea, bibi yake hajamshika.

Na beringi? Iliendelea kufa! Nikauliza hapa hapa: kama mchawi ni mama, na kwake hatuendi, sasa anamloga nani? Nikajibiwa niongeze imani. Na chumvi.

Maana huo ndio ulikuwa utaratibu wetu tangu beringi ya kwanza ilipokufa. Kila Ijumaa gari likirudi safari, likiwa bado la moto, wapendwa wanalizunguka kwa nyimbo, na maji ya chumvi iliyoombewa yanamiminwa kwenye tairi lile, mbele na nyuma, ndoo nzima, kwa bidii. Tairi hilo moja tu! Mengine yaliachwa, kwa kuwa hayakuwa na shida.

Siku Bwana alipoamua kunitoa, nilikuwa gereji nimenuna, hata kuomba siombi. Fundi akachomoa beringi. Ilikuwa kutu tupu, na pembeni kuna unga mweupe umegandamana. Nikagusa kwa kidole, nikaramba.

Chumvi! Ndugu zangu, nilicheka, kisha nikalia, kisha nikampigia mume wangu simu nikamfokea. Chuma cha moto tulikuwa tunakimwagia maji ya chumvi, yanapenya ndani, yanakula beringi, na sisi tunaimba!

Tukafunga mpya, hatukuimwagia kitu, tukaenda Kiberege. Mama alitoka nje akasimama mbali, kule karibu na banda la kuku. Nikamwita aje amwone mjukuu wake. Akasema, "Mleteni huku, mwanangu. Nisilisogelee gari, nisije nikawaharibia."

Wapendwa, maneno ya yale maono yalishamfikia mama yangu, naye alikuwa ameshaamini! Peke yake nyumbani kwake, alikuwa anajiuliza kama yeye ni mchawi bila kujua. Mume wangu alipiga magoti pale pale kwenye tope kumwomba msamaha. Mimi sikuharakisha kumwinua.

Namshukuru Mungu kwa moyo wote! Masika yamepita, Mlimba tumekwenda na kurudi, na tairi liko kimya. Sisemi msiombe. Ombeni! Bwana anasikia, alinisikia hata nilipokuwa nimenuna. Lakini wewe uliye na shida leo, mtumaini yeye akuonyeshe inakotoka, kabla hujamnyooshea kidole mama wa mtu.

Mama yangu yuko hapa. Ameketi mlangoni, kwa sababu bado anaogopa kukaa katikati yetu. Sitaki makofi. Nataka muinuke mmoja mmoja, mwende mkampe shikamoo, mkimshika mkono.

Dada mwenye maono, anza wewe.