Picha Nzima ya Shangazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha picha cha gazeti letu, Shangazi anastaafu tarehe 30 Juni. Hata mhariri mkuu, anayemzidi umri, humwita Shangazi, na akiitwa naye huenda mbio.

Alianza kwa mkasi na rula, akamalizia kwa kompyuta, ila masharti yake ya kukata picha ziingie ukurasani ni yale yale. Usimkate mtu kwenye kiungo, goti wala kiwiko. Anayetazama upande mwachie nafasi mbele ya macho. Kipande kidogo usikivute kikue mpaka kijae ukurasa, utabaki na chenga tupu. Kubwa kuliko yote: kata nakala, picha asilia isiguswe. Aliyesahau hilo alisomeshwa mpaka chai ikapoa, kisha Shangazi huyo huyo akamchemshia nyingine.

Siku ya fainali, mwandishi wa michezo alitaka uso wa kipa ujaze ukurasa. Shangazi akagoma, akasema mpira na glavu zimepishana kidogo tu na habari yote iko hapo katikati. Mwandishi alinuna hadi asubuhi, wasomaji walipoanza kupiga simu kusifia picha.

Nilipopewa kazi ya kuandika haya, nilitafuta sura yake kwenye picha za wafanyakazi tunazochapa kila mwaka. Wapi! Mwaka mmoja tu nilipata kiwiko ndani ya mkono wa gauni lake la maua. Nikakivuta, nikakivuta tena, nikaambulia chenga. Kumbe mama huyu, anayesimama pembeni siku zote, alikuwa akijikata mwenyewe ili wenzake waonekane wakubwa. Tena kiungoni, kinyume na sharti lake! Niliumia, nasema kweli. Mtu amepamba sura za watu umri wote, leo aage bila ya kwake?

Ndipo nikakumbuka lile sharti kubwa. Nikafungua kabati lake, na picha asilia zote zimo, hazijaguswa. Shangazi yupo kila mwaka, pembeni kabisa, anacheka.

Ya mwaka jana ndiyo hiyo hapo juu. Tumeichapa nzima, na ukuta wake, na ndoo ya kudekia, na kidole gumba cha mpiga picha. Najua mkono unakuwasha, Shangazi, lakini hii hukati. Asante kwa yote uliyotufundisha. Ukapumzike kwa afya na furaha, na wajukuu wakitaka kupiga picha, kaa katikati.