Mama Chura wa Nje ya Uzio

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo namkumbuka kocha aliyezikwa juzi, mwanamke mliyemwita Mama Chura. Nasema mliyemwita, maana jina hilo hakujipa. Alipachikwa uwanjani, kwa kejeli, kwa sababu aliwarusha kichurachura wakimbiaji wa mbio ndefu kabla ya mashindano.

Ndiyo, mbio ndefu. Makocha wenzake waliwazungusha vijana uwanja polepole, wakawanyoosha misuli, basi. Yeye aliongeza jambo moja. Aliwapeleka kwenye nyasi: ruka kwa mguu huu, ruka kwa ule, ruka kwa yote miwili. Mara chache tu. Kisha tembea, vuta pumzi, nenda kwenye mstari.

"Mguu ukiwa bado unataka kuruka, acha," aliwaambia. "Tunauamsha, hatuuchoshi."

Mwenyekiti wa klabu alicheka mpaka akashika mbavu. "Kocha, hawa wakimbiaji au vyura?"

"Wakimbiaji, mwenyekiti. Ila karibu nawe uruke. Hicho kitambi kitatupimia ulaini wa nyasi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akanuna. Haukupita muda akamfukuza, eti anaiaibisha klabu mbele ya watazamaji. Narudia, msije mkasahau: alifukuzwa kwa sababu ya kuruka.

Hakwenda mbali. Kila siku ya mashindano alisimama nje ya uzio, kwenye kipande cha nyasi nyuma ya vyoo vya uwanja. Wakimbiaji wakamfuata. Wanatoka getini, wanaruka, wanarudi ndani, wanashinda.

Mdogo wake ameniambia, "Siku moja dada alirudi kutoka uzioni amelowa mvua chepechepe. Nikamwambia, dada, achana na watu hao. Akanijibu, wewe bandika chai."

Ushindi ulipozidi, klabu nayo ikaanza kuruka. Je, walimwita? Hawakumwita. Hata kumuuliza, hawakumuuliza. Waliwarusha vijana juu ya sementi ya maegesho ya magari mpaka jasho likawatiririka, kisha wakawapeleka kwenye mstari miguu ikiwa mizito kama magogo. Kijana mmoja aliumia kisigino, na mpaka leo anachechemea. Mama Chura aliposikia, alilia. Waliiba nusu ya kazi yake, wasikilizaji, na nusu waliyoiacha ndiyo iliyolinda miguu ya watoto wa watu.

Na juzi makaburini, mwenyekiti yuleyule akashika kipaza sauti. Akasema mazoezi hayo "tuliyaasisi pamoja na marehemu."

Binti wa marehemu, naye mkimbiaji, akasimama. Hakupaza sauti. "Mwenyekiti, mama alikuwa nje ya uzio. Wewe ulikuwa ndani. Mlikutana wapi?"

Kipaza sauti kikashushwa.

Binti, na wewe mama mdogo, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Uongozi wa klabu, kwenu sina pole. Ninyi hamkufiwa. Ninyi mlifukuza.

Nawe unayenisikiliza, jiulize leo unamcheka nani ambaye kesho utadai mlikuwa pamoja.

Jumapili kuna mashindano. Binti atasimama palepale nyuma ya vyoo, kwenye nyasi za mama yake, na wakimbiaji wameniambia watatoka wote. Mwenyekiti, utabaki ndani na sementi yako.