Vibati Arobaini na Kimoja: Maisha ya Mzee Hesabu, Mlinzi wa Boti Siku za Fataki

Marehemu tunayemzika leo, ambaye mtoni kote alijulikana kama Mzee Hesabu, alikuwa mwoga. Anayesoma wasifu huu ni binti yake, na neno hilo ameliandika kwa kulipima. Kaka yake alilifuta mara mbili, yeye akalirudisha mara tatu. Marehemu aliogopa maji, moto, mtungi wa gesi na ngazi iliyolowa, na kwa miaka ishirini na minne uoga huo ndio uliowarudisha watu nyumbani wakiwa wazima kila mji uliporusha fataki zake mtoni. Binti naye leo anaogopa. Humu ndani mna jambo la tarehe 29 Agosti 2009. Wengi waliopo hapa wanadhani wanalijua, na wanamjua wa kumlaumu. Walidanganywa, na aliyewadanganya ndiye huyu anayesoma.

Alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Juni 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na kiwanda cha mbao, hatua themanini kutoka ukingo wa mto. Baba yake alikuwa mpasua mbao, mama yake mshonaji. Walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake wa kiume aliyemfuata kwa miaka minne. Mwaka 1966 mdogo huyo aliteleza kwenye magogo yaliyokuwa yakielea, akatumbukia. Marehemu alimdaka ukosi wa shati na kumvuta, kisha akalia siku nzima, ingawa aliyekunywa maji ni mwenzake. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba tangu siku ile hakukaa mezani kabla ya kumshika mdogo wake kichwani na kusema, “Yupo.”

Alisoma shule ya msingi ya jirani na kiwanda kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaingia sekondari na kuishia kidato cha tatu, baba yake alipokatwa vidole na msumeno na nyumba ikahitaji mikono mingine. Katika somo la hesabu hakuwa na mpinzani. Hata hivyo mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu hukosa muda wa swali la mwisho, kwa kuwa hurudia kukagua la kwanza mpaka kengele inalia.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa kuosha boti katika kituo cha doria cha mto, na mwaka 1986 akapewa usukani. Mwaka 1993 cheche za fataki ziliangukia boti ya abiria iliyokuwa na dumu la petroli. Watu wanne waliungua, na yeye ndiye aliyewatoa majini kwa mikono yake. Mwaka uliofuata wakuu wa kituo walitafuta msimamizi wa usalama kwa siku za fataki, na kila aliyekuwa kwenye kikao akatazama dari. Marehemu alikubali. Alimweleza mkewe kwamba angeogopa zaidi kama kazi ile angepewa mtu asiyeogopa.

Fataki zilirushwa kutoka kwenye tishari lililotiwa nanga katikati ya mto. Mita mia mbili kila upande lilikuwa eneo la hatari, limezungushiwa maboya mekundu. Boti za watazamaji zilipaswa kulivuka eneo hilo mapema na kwenda kujifunga upande wa juu, penye nafasi. Marehemu akabuni utaratibu wake mwenyewe. Kila boti iliyoingia kati ya maboya ilipewa kibati chenye namba, na ikitokea upande wa pili ilikirudisha, naye akakitumbukiza katika kopo la rangi lililooshwa. Vibati vikitimia koponi, maana yake hakuna mtu chini ya moto. Hapo ndipo alipoinua taa ya kijani, na fundi wa fataki, bwana mmoja mcheshi asiye na nyusi, akawasha.

Wiki ya fataki hakuwa mtu wa kuongea naye. Alikula vijiko viwili, akaisukuma sahani. Alivuta kamba ya kila jaketi la kuokolea, na usiku aliamka kwenda kuyavuta tena. Waendesha boti walimtania, “Mzee Hesabu, samaki nao umeshawahesabu?” Alijibu bila kucheka, “Samaki wanajua kuogelea. Wewe vaa jaketi.”

Tarehe 12 Mei 1990 alifunga ndoa na mkatisha tiketi wa kivuko, mama huyu aliyeketi mbele yetu. Walipotoka kutia saini kwa msajili walikwenda kupiga picha kwenye boti ya doria, na bwana harusi akagoma kung’oa nanga mpaka bibi harusi avae jaketi juu ya gauni jeupe. Mpiga picha alilalamika kwamba jaketi la rangi ya machungwa litamharibia kazi. Akajibiwa, “Haribu tu, kaka. Mke ni mmoja.” Picha hiyo ingali sebuleni juu ya redio, na ndani yake mama amenuna kwelikweli. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1993 na wa kike mwaka 1999.

Sasa tarehe 29 Agosti 2009, siku ya Jumamosi. Binti alikuwa na miaka kumi. Mdogo wake marehemu, yule wa kwenye magogo, alikuwa mvushaji mwenye leseni na boti yake ya makasia, akamchukua shemeji yake na mtoto wakatazame fataki. Boti yao ilikuwa ya mwisho kuingia. Wakapewa kibati namba arobaini na moja, na baba mdogo akampa binti. “Shika wewe, mama, mikono yangu imejaa.”

Walipofika katikati ya maboya, ubao mmoja uliachia na maji yakaanza kuingia. Baba mdogo akaacha makasia, akawa anakumba maji kwa ndoo, na mama ameinama nyuma ya boti anayakumba kwa bakuli. Taa yao ikalowa, ikazima. Hapo ikapita boti ya injini iliyoingia kabla yao na kukawia njiani, na mwenyewe akapaza sauti, “Nyie wa makasia mtafika kesho! Leteni kibati niwarudishie, kule foleni haisogei!” Binti akanyoosha mkono, akampa. Hakutumwa na mtu. Alidhani anasaidia, na alifurahi kwamba kwa mara ya kwanza amefanya jambo la kikubwa mtoni.

Baba mdogo aliinua uso. “Kibati kiko wapi?”

“Nimempa yule, aturudishie.”

Hakumgombeza. Alimtazama tu, na mtoto akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa mtu mzima, uso mzima ukilegea kwa hofu. Muziki wa ukingoni ulikuwa umemeza maneno yao, na mama hakusikia. Baba mdogo akashika makasia na kupiga kelele mpaka sauti ikakatika, lakini boti ilikuwa imejaa maji, nzito, haiendi. Ng’ambo ya giza, mikono ya mtu aliyehesabu vibati arobaini na kimoja mara mbili ikainua taa ya kijani.

Fataki ya kwanza ilipopasuka, mto ukawa mweupe, na marehemu akaona boti ndani ya maboya. Alisimulia baadaye kwamba aliona vichwa vitatu na hakujua ni vya nani. Akapiga kelele kwenye redio, fundi akajibu huku analia, “Safu imeshashika! Siwezi kuizima, mzee, siwezi!” Safu ilikuwa na fataki kumi na mbili. Mtu yule aliyeogopa ngazi iliyolowa akaisukuma boti ya doria kuingia chini ya moto, na alipofika ndipo alipowatambua watu wake. Aliwavuta mmoja mmoja, akawafunika kwa turubai lililolowa, kisha akajilaza juu ya binti. Makaa yalianguka kama kokoto kwenye bati. Shingo yake iliungua na sikio la kushoto halikusikia tena maisha yake yote. Chini ya turubai binti alimsikia akihesabu mmoja, wawili, watatu, kisha anaanza upya, meno yakigongana.

Jumatatu tarehe 31 wakuu wa kituo waliketi kuuliza ni nani aliyekitoa kibati. Mwenye boti ya injini alisema alipokea kutoka kwenye mkono gizani, hajui wa nani. Baba mdogo alimtazama mtoto aliyekuwa amejibanza kwa mama yake. Kisha akasema, “Ni mimi. Nilikwepa foleni.” Marehemu, shingo imefungwa bandeji, akasimama. “Ulitaka kunizikisha mke na mtoto kwa sababu ya foleni? Toka. Nisikuone tena.” Mtoto akanyamaza. Siku ile alikuwa na miaka kumi, na mtu anaweza kumsamehe. Lakini aliendelea kunyamaza alipokuwa na kumi na tano, na ishirini, na ishirini na nne. Baba mdogo alinyang’anywa leseni ya kuvusha watu, akaishi kwa kupaka rangi nyumba za watu, na ndugu wawili waliozaliwa chumba kimoja hawakusemezana kwa miaka kumi na minne. Binti aliwahi kukutana naye mwaka 2016 kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alimwambia, “Wewe soma, mwanangu. Yale yamepita.” Usiku ule binti hakupata usingizi.

Baada ya tukio lile marehemu hakuamini kopo peke yake. Kibati kilipokelewa kutoka kwa boti yenyewe tu, na kabla ya kuinua taa alizunguka eneo lote akimulika kurunzi na kuita. Watu walizomea kwa kucheleweshwa, naye akaendelea kuzunguka. Hakuna mtu mwingine aliyeumia mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2018. Binti aliajiriwa kituoni hapo mwaka 2020, na mwaka jana na mwaka huu yeye ndiye aliyeinua taa. Mara zote mbili alizunguka kwanza kama baba yake, kisha akazunguka tena.

Machi 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wa marehemu unashindwa kusukuma damu. Alilazwa mara tano. Wodini aliwauliza wauguzi mlango wa dharura uko wapi, akahesabu vitanda, akamwonya mgonjwa wa jirani kuhusu waya wa feni. Ijumaa tarehe 13 Oktoba mwaka huu, binti alifunga pazia la kitanda na kumweleza yote. Marehemu alikiweka kando kikombe cha chai.

“Nani mwingine anajua?”

“Baba mdogo.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile, baba. Aliniona.”

Akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na hofu, lakini hakuwa akijiogopea. “Usimwambie mtu. Watakuondoa kwenye boti. Nyamaza, mwanangu.” Na binti, aibu hii aiseme yote, alifurahi kuambiwa hivyo.

Jumatatu jioni marehemu alimshika mkono, vidole vikiwa baridi. “Mwite mdogo wangu. Mwambie aje upesi, naogopa sitawahi.” Simu ilipigwa saa hiyohiyo. Baba mdogo alikuwa kazini mji wa mbali, akapanda basi la usiku. Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Mdogo wake alifika saa nne na robo, suruali ina madoa ya rangi, akakuta muuguzi anakunja shuka. Alimwuliza binti jambo moja tu: “Alijua?” Binti akasema alijua. Baba mdogo akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuuweka mkono wake juu ya godoro.

Kama binti angesema mwezi mmoja mapema, ndugu hawa wangezungumza. Siku moja tu ingetosha. Wakuu wa kituo wako hapa na sasa wamesikia. Wataamua watakavyoona haki kuhusu boti na kuhusu leseni iliyochukuliwa kwa mtu asiye na kosa, na binti atakuja ofisini Jumatatu saa mbili kusaini maelezo yake.

Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kiume, binti na wajukuu wawili. Orodha iliyotolewa na kamati ya familia iliishia hapo, na ndivyo ilivyochapishwa kwenye programu mlizoshika. Mtaona chini ya ukurasa mstari mmoja ulioongezwa kwa kalamu kwenye kila nakala, zote mia na themanini, na mwandiko ni wa binti. Ameacha pia mdogo wake wa pekee, aliyebeba kosa la mtoto ili mtoto asilibebe. Yuko hapa. Amesimama nyuma kabisa, karibu na geti, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. Anaombwa apite mbele. Kiti kilicho wazi kando ya mjane ni chake, na mazishi hayataendelea mpaka aketi.

Mwenyezi Mungu amlaze Mzee Hesabu mahali pasipo na hofu.