Jicho la Mma Thuso na Jina la Jirani Yake

"Umenimwagia dawa, mchawi wewe! Jicho langu linaungua!"

"Osha kwanza, Mma Thuso. Matusi utanimalizia baadaye."

Wasikilizaji wapendwa, aliyeleta ndoo ya maji siku ile ndiye tunayemkumbuka leo: Gabaitse Mothibi, muuza maandazi wa hapa Letlhakeng. Wote tulimwita Mma Oreneile, kwa jina la bintiye. Aliyekataa maji ni jirani yake, Mma Thuso.

Asubuhi ile Mma Thuso alikuwa akifagia ua kama tufagiavyo sote: ufagio mfupi wa nyasi, mgongo umepinda, uso karibu na mchanga. Akamgusa mdudu mweusi mwenye madoa meupe. Mdudu huyo ana tezi mbili nyuma ya tumbo, na akitishwa hurusha tindikali. Akarusha. Mma Thuso hakumwona mdudu. Alimwona jirani, ng'ambo ya ukuta.

"Ni mdudu, jamani! Hata mbwa wangu humkimbia."

"Mdudu gani anayekujua wewe asikuguse?"

Tulicheka sana. Tukacheka, halafu tukaeneza uvumi kwamba ni mchawi. Jicho lilipona siku ya nne, lakini maandazi ya Mma Oreneile yalianza kulala. Bintiye anakumbuka: "Mama alikaanga ishirini, kumi na tisa tukala wenyewe. Moja alinunua mchungaji, kwa huruma." Na mimi, wasikilizaji, nilikuwa nikimpita pale nikanunue mkate dukani.

Miaka miwili baadaye Mma Thuso alikuwa kwenye kambi ya ng'ombe, mbali na jirani yeyote. Akainua kuni. Mdudu yuleyule, tumbo juu. Tone likamrukia mkononi. Likaunguza vilevile, likanuka vilevile, ukali kama wa siki.

Hapo akajua. Akajua, na akanyamaza miaka mitano. Kila asubuhi alimsikia mwenzake akifagia upande wa pili, naye akalimeza neno. Angeanzia wapi? Hadi juma lililopita, Mma Oreneile alipofariki na upande ule ukawa kimya.

Kwa familia ya Mothibi: poleni sana. Poleni, na mtuwie radhi. Sisi tuliobaki, kila mmoja amfikirie mtu anayempita mlangoni kwa sababu ya maneno aliyoyasikia tu. Amwendee angali hai.

Jumamosi, baada ya maziko, Mma Thuso alisimama nje ya lango la marehemu, kitambaa kimemshuka mabegani. Akasema mbele ya watu wote:

"Nilimsingizia. Nikaja kujua ukweli, nikanyamaza. Niliona aibu."

Watu wakatazama viatu vyao. Mimi pia.

Oreneile alikuwa kando ya sufuria, akiponda nyama ya maziko kama ilivyo desturi yetu. Akaja langoni na mwiko mkononi.

"Mama alikungoja uje useme, Mma Thuso. Kila siku. Mimi kukusamehe sijui, leo sina nguvu hizo."

Mma Thuso akageuka aondoke.

"Unakwenda wapi? Nyama inapoa. Ingia ule."